Gari-nyumba: Mambo ya kuzingatia kwa wanandoa kabla ya kuhamia kwenye magurudumu

GARI-NYUMBA ni gari lililoundwa au kubadilishwa ili watu walale, wapike na kuhifadhi vyombo vyao ndani yake, huku likibaki na uwezo wa kusafiri kama gari lingine lolote. Nchini Kenya wengi wamezoea kuliona likiendeshwa na watalii wanaotoka Afrika Kusini au Ulaya. Hata hivyo, hakuna sehemu yake ambayo fundi wa chuma na seremala wa jua kali hawawezi kuitengeneza, na gari la kuanzia limejaa katika kila kituo cha magari nchini: matatu ya abiria 14 iliyochoka kubeba watu.

Ugumu wa maisha hayo hauko katika useremala. Uko katika mambo manne ambayo hayaonekani kwenye picha za kupendeza: uzito wa gari, hewa ya kupumua usiku, sheria za usajili na bima, na swali la nani kati ya mume na mke anamiliki nyumba hiyo ya magurudumu. Kosa katika mawili ya kwanza laweza kuua. Kosa katika mawili ya mwisho laweza kuwaacha wawili hao bila gari na bila nyumba.

Makala haya yanaangazia mambo hayo kwa kutumia mfano wa eneo la Kegonga, katika Kuria Mashariki, Kaunti ya Migori.

HISTORIA FUPI

Wazo la mume na mke kuishi safarini ndani ya gari si geni barani Afrika. Kati ya Septemba 1924 na Januari 1926, Chaplin na Stella Court Treatt walisafiri kutoka Cape Town hadi Cairo kwa magari mawili ya aina ya Crossley, wakipitia Afrika Mashariki wakati ambapo sehemu nyingi hazikuwa na barabara wala madaraja. Safari hiyo iliwachukua miezi 16.

Nchini Ujerumani, kampuni ya Westfalia ilianza mwaka 1951 kuweka samani za kulalia na kupikia ndani ya mabasi madogo ya Volkswagen. Hapo ndipo gari-nyumba lilipoacha kuwa chombo cha wapelelezi wa mabara na kuwa kitu ambacho familia ya kawaida ingeweza kununua.

Mfano unaofaa zaidi kwa wanandoa ni wa Wajerumani Gunther na Christine Holtorf. Gunther, aliyewahi kuwa meneja katika shirika la ndege la Lufthansa, alinunua Mercedes-Benz 300 GD mwaka 1988 na kuanza safari zake hapa Afrika mwaka uliofuata. Christine aliungana naye mwaka 1990. Waliondoa viti vya nyuma, wakatandika godoro na kulala humo. Gari hilo, walilolipa jina Otto, lilikuwa limetembea karibu kilomita 900,000 safari ilipomalizika mwaka 2014. Christine alifariki mwaka 2010, na Gunther akafariki mwaka 2021. Otto limehifadhiwa katika makavazi ya Mercedes-Benz mjini Stuttgart.

Funzo la Otto ni kwamba gari halikuwa na urembo. Lilikuwa na injini ambayo mwenyewe aliweza kuirekebisha kando ya njia, kitanda, vyombo vichache vya kupikia na vipuri. Kila kilichobebwa kilikuwa na kazi.

KWA NINI KEGONGA

Kegonga iko karibu na mpaka wa Tanzania. Upande wa mashariki inapakana na nchi ya Transmara katika Kaunti ya Narok, ambako njia huelekea Lolgorian na hifadhi ya Masai Mara. Upande wa magharibi ziko Kehancha na Isebania, kisha barabara kuu inayokwenda Migori mjini. Kutoka Migori, msafiri anaweza kufika Thimlich Ohinga, boma la kale la mawe yaliyopangwa bila saruji lililoingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka 2018, au kuendelea hadi Kaunti ya Homa Bay, kwenye Mbuga ya Kitaifa ya Ruma na fuo za Ziwa Viktoria.

Jamii ya Abakuria yenyewe imegawanywa na mpaka. Mtu wa Kegonga huwa na shangazi au shemeji Tarime, na safari za harusi, matanga na biashara huvuka mpaka huo mwaka mzima. Kwa wanandoa wanaouza nguo au nafaka sokoni, mafundi wa kazi za msimu, au wastaafu wanaotembelea watoto waliotawanyika, gari la kulala huondoa gharama ya gesti na usumbufu wa kumwamsha mwenyeji usiku.

Hata hivyo, eneo hilo lina masharti yake. Mvua ndefu ya Machi hadi Mei hugeuza njia nyingi za udongo kuwa utelezi, na mpaka wa Kuria na Transmara una historia ya wizi wa mifugo na mapigano. Gari ambalo haliwezi kuondoka mahali lilipo mvua inaponyesha haliwezi kuitwa nyumba salama.

KUCHAGUA GARI

Toyota Hiace ndiyo inayopatikana kwa wepesi zaidi, na vipuri vyake huuzwa karibu kila mji. Hiace ya kawaida ya kizazi kilichoanza mwaka 2004 ina urefu wa nje wa takriban mita 4.7 na upana wa mita 1.7. Ndani, nyuma ya viti vya mbele, gari la mizigo la aina hiyo lina nafasi ya urefu wa mita 3, upana wa mita 1.52 na kimo cha mita 1.32. Kitanda cha watu wawili chenye urefu wa mita 1.9 huacha kiasi cha mita 1.1 kwa kabati la jikoni na mahali pa kuketi. Mtu mzima hawezi kusimama wima, isipokuwa anunue lenye paa lililoinuliwa.

Toyota Noah na magari yanayofanana nalo hutosha kwa safari za siku chache, si kwa makazi. Land Cruiser hushinda yote kwenye matope, lakini bei yake na mafuta yake huwashinda wengi.

Anayeagiza gari kutoka nje akumbuke kwamba kanuni za ubora za Kenya huruhusu magari yaliyotumika yasiyozidi umri wa miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na usukani uwe upande wa kulia. Anayenunua matatu iliyostaafu naye amlipe fundi asiye na uhusiano na muuzaji alikague gari hilo likiwa limeinuliwa. Kutu kwenye chesisi, mahali zinapofungwa springi na chini ya milango, ni sababu tosha ya kuliacha. Injini iliyochoka hubadilishwa, ilhali bodi iliyooza huendelea kuoza chini ya mbao mpya.

UZITO

Matatu iliidhinishwa kubeba watu 14. Kwa wastani wa kilo 68 kwa kila mmoja, hao ni takriban kilo 950. Viti vikiondolewa, gari hupata nafasi zaidi ya uzito. Kwa hivyo, wanandoa wana kiwango kikubwa cha kutumia, mradi wakihesabu.

Bamba moja la plaiwudi la futi nane kwa nne, lenye unene wa milimita 12, lina uzito wa takriban kilo 20. Maji lita 60 ni kilo 60. Betri ya kawaida ya asidi ya saa-ampia 100 hukaribia kilo 30. Watu wawili, godoro, vyombo, nguo na vipuri hufikisha kilo 250 kabla hata ya bidhaa za biashara kupakiwa.

Hatari kubwa huwa katika mpangilio. Maji, betri na jiko vikiwekwa upande mmoja, gari huinama na kuvuta upande huo breki zinapokanyagwa. Vikiwekwa nyuma kabisa ya magurudumu ya nyuma, usukani huwa mwepesi na gari huyumba kwenye mteremko. Vitu vizito vikae chini, katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, vikiwa vimefungwa kwa boliti au mikanda. Mtungi wa maji usiofungwa hugeuka kombora gari linapogonga.

Kanuni za uchukuzi za mwaka 2004, zilizohusishwa na aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi marehemu John Michuki, ziliwazoesha Wakenya kufunga mikanda ndani ya matatu. Sharti hilo lisisahaulike kwa sababu kiti kimegeuzwa kitanda. Hakuna anayepaswa kulala au kupika gari likiwa mwendoni.

HEWA NA MOTO

Hili ndilo jambo linalopuuzwa zaidi. Jiko la makaa ndani ya gari ni hatari ya mauti hata likionekana limezimika. Makaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na mtu aliyelala hufa bila kuamka. Nchini Kenya, watu wamepoteza maisha kwa namna hiyo hata katika vyumba vya nyumba za kawaida, ambavyo vina hewa nyingi mara kadhaa kuliko Hiace. Baridi ya usiku ya nyanda za Kuria ishindwe kwa blanketi. Aidha, injini isiachwe ikinguruma watu wakiwa wamelala.

Gesi ya kupikia ina tabia tofauti. Ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutulia sakafuni na kusubiri cheche. Mtungi wa kilo 6 uwekwe katika sanduku lililozibwa upande wa ndani na lenye tundu sakafuni la kutokea nje. Mpira wa gesi ukaguliwe kwa maji ya sabuni kila mtungi unapobadilishwa, na mtungi ufungwe kabla ya gari kuondoka. Njia bora ni kupikia nje, chini ya turubai, mvua isipozuia.

Watu wawili waliolala hutoa nusu lita au zaidi ya unyevu kwa usiku mmoja kwa kupumua. Unyevu huo hugeuka matone kwenye bati na kuozesha godoro. Madirisha mawili ya pande tofauti yaachwe wazi kidogo, yakiwa na neti ya chuma. Chini ya godoro ziwekwe chaga za mbao badala ya ubao mzima. Kizimamoto kiwe karibu na mlango, na mlango wa kulalia ufunguke kutoka ndani bila ufunguo.

UMEME NA MAJI

Hesabu ya umeme huanzia kwa matumizi. Taa za LED hutumia kiasi cha wati-saa 20 kwa jioni moja, simu mbili kiasi cha 30, na friji ndogo ya volti 12 kiasi cha 400 hadi 450 kwa siku. Jumla hukaribia wati-saa 500. Betri ya asidi ya saa-ampia 100 ina wati-saa 1,200, lakini huharibika haraka ikitumiwa zaidi ya nusu. Betri za lithiamu huvumilia kutumiwa zaidi ya asilimia 80, na ni nyepesi, ijapokuwa bei yake ni ya juu. Paneli ya sola ya wati 200, ikipata jua la saa nne na nusu, hurudisha takriban wati-saa 650 baada ya hasara za njiani.

Asiye na friji hupunguza gharama hiyo kwa zaidi ya nusu. Katika eneo ambalo maziwa, ndizi na mboga hupatikana sokoni, wanandoa wengi wangeweza kuishi bila friji.

Betri ya nyumba itenganishwe na ya injini ili gari liwake asubuhi. Fyuzi iwekwe karibu kabisa na betri, na waya zipitishwe ndani ya mipira pale zinapotoboa chuma. Waya mwembamba uliokwaruzwa na bati ni chanzo cha kawaida cha moto.

Maji ya lita 20 kwa siku hutosha watu wawili kunywa, kupika na kujipangusa. Madumu matatu ya lita 20 ni ya siku tatu, na hubebeka kuliko tangi lililojengwa ndani. Choo cha ndoo chenye kifuniko, kikitumiwa na machujo ya mbao, hutosha usiku. Uchafu wake umwagwe katika choo cha shimo kwa ruhusa ya mwenyewe, kamwe si mtoni wala kando ya kisima.

SHERIA NA BIMA

Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, ndiyo inayosimamia usajili wa magari. Matatu iliyonunuliwa ili kuwa makazi inapaswa kuondolewa katika orodha ya magari ya umma, mstari wake wa manjano ufutwe, na mabadiliko ya matumizi, bodi au idadi ya viti yaandikishwe. Ukaguzi hufuata. Anayekata paa au nguzo za bodi hubeba mzigo mkubwa zaidi, kwa kuwa nguzo hizo ndizo huzuia gari kubondeka likipinduka.

Bima ni ya kufikiriwa kabla ya msumari wa kwanza kupigwa. Gari lililokatiwa bima kama la kubeba mizigo, kisha likapatikana lina jiko la gesi na kitanda, huipa kampuni sababu ya kukataa kulipa. Mwenye gari aieleze kampuni kwa maandishi na kuhifadhi jibu lake.

Kwa wanaovuka Isebania kwenda Sirari, gari huhitaji kibali cha muda cha forodha na bima inayotambuliwa upande wa pili, kwa kawaida ile kadi ya manjano ya COMESA, ambayo Tanzania huitambua ingawa si mwanachama wa jumuiya hiyo. Wasafiri wawe na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Njia za panya, hata kama jirani huzitumia kwa mguu kila wiki, zaweza kusababisha gari kutwaliwa, na kwa wanandoa hawa kutwaliwa gari ni kutwaliwa nyumba.

MAHALI PA KULALA

Mila za Afrika Mashariki humrahisishia mgeni anayeomba. Boma la jamaa, uwanja wa kanisa, shule wakati wa likizo au kituo cha mafuta chenye mlinzi ni mahali salama kuliko kando ya barabara. Mgeni afike kabla ya jua kutua, ajitambulishe kwa mwenye boma au kwa naibu wa chifu, na aseme ataondoka lini. Gari geni lililoegeshwa gizani karibu na mazizi, katika eneo lenye kumbukumbu za wizi wa ng'ombe, huzua hofu ambayo yaweza kuishia pabaya. Ndani ya mbuga na hifadhi, kulala huruhusiwa tu katika kambi zilizotengwa na kulipiwa.

Katika maeneo ya ziwa ya Homa Bay na Migori, malaria ni tishio la mwaka mzima. Chandarua chenye dawa kining'inizwe ndani ya gari hata kama madirisha yana neti. Bonde la Lambwe, iliko Ruma, linajulikana kwa mbung'o, nao huvutiwa na gari linalotembea. Madirisha yafungwe, na nguo za buluu na nyeusi ziepukwe.

FEDHA NA UMILIKI

Gharama ya mwezi haikadiriwi kwa kubahatisha. Gari linalotembea kilomita 300 kwa wiki na kutumia lita moja kwa kilomita 10 litahitaji lita 120 kwa wiki nne. Idadi hiyo huzidishwa kwa bei inayotangazwa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) kila tarehe 14 ya mwezi. Kisha huongezwa bima, matairi, oili na akiba ya kurekebisha injini. Mara nyingi jumla hiyo hulingana na kodi ya chumba mjini au kuizidi. Wanaohama ili kukwepa kodi peke yake waihesabu kwanza.

Swali la umiliki ndilo zito. Sheria ya Barabara, Sura ya 403, humchukulia mtu ambaye jina lake limo katika usajili kuwa ndiye mmiliki, isipokuwa kuthibitishwe vinginevyo. Mke aliyeuza ng'ombe au mazao yake ili kununua betri na mbao, ilhali gari limeandikishwa kwa jina la mume, hulazimika kuthibitisha mchango wake mzozo ukitokea. Hali ni hiyo hiyo kwa mume ambaye jina lake halimo.

Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 hutambua mchango wa fedha na usio wa fedha, zikiwemo kazi za nyumbani, malezi na kilimo. Huhitaji pia idhini ya wote wawili kabla ya mali ya ndoa kuuzwa katika ndoa ya mke mmoja. Ndoa za wake wengi zina kifungu chake, cha 8. Mnamo Januari 2023, Mahakama ya Juu iliamua kwamba talaka haimpi yeyote nusu ya mali moja kwa moja. Kila mmoja hupata kulingana na mchango aliouthibitisha.

Kwa hivyo, gari liandikishwe kwa majina mawili, na risiti zote zihifadhiwe katika faili moja pamoja na orodha ya nani alilipa nini. Shamba au chumba cha nyumbani kisiuzwe katika mwaka wa kwanza. Ng'ombe akivunjika guu malishoni hujikokota zizini apate kusaidiwa, na wanandoa nao wabakishe zizi la kurudia.

KUISHI WAWILI

Katika nafasi ya mita tatu hakuna chumba cha pili cha kwenda kununia. Wanandoa wagawane kazi waziwazi: nani hukagua oili na matairi asubuhi, nani hufunga mtungi wa gesi, nani hushika fedha za njiani. Kazi za usalama zijulikane na wote wawili, na wote wawe na leseni ya udereva ikiwezekana, kwa kuwa mmoja akiugua usiku, mwenzake ndiye ambulensi.

Jaribio rahisi ni kulala ndani ya gari lenye godoro na madumu tu, kabla ya kununua mbao, kwa wiki mbili ambazo moja wapo iwe ya mvua. Yatakayokosekana katika wiki hizo ndiyo ya kujengwa. Na ikiwa mmoja wao atasema hayawezi maisha hayo, gari bado litakuwa halijakatwa, na laweza kuuzwa bila hasara kubwa.